Kufufua Street Fighter: kazi kubwa iko ndani ya fremu

Tangu 2008 Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, imeijenga upya Street Fighter, mfululizo wake wa michezo ya mapigano, mara tatu. Street Fighter IV ilianza kwenye mashine za sarafu za Japani Julai 2008, ikafika kwenye konsoli Februari 2009, na ikarudisha michezo ya mapigano madukani baada ya miaka ya ukame. Street Fighter V ya Februari 2016 ilijikwaa mlangoni. Street Fighter 6 ya Juni 2023 ikavuta hadi watu ambao hawakuwahi kushika pedi kwa ajili ya mchezo wa aina hii. Ryu, mhusika wake mkuu, alikuwepo mara zote tatu, na mara zote tatu picha zilipendeza. Yaliyotofautisha matokeo hayaonekani kwenye trela: muda wa mapigo, ucheleweshaji, mtandao, vitufe, na kile anachokuta mchezaji asiye na mpinzani.

Urithi wenyewe ni muda

Mchezo wa mapigano huenda kwa fremu, yaani picha moja moja, 60 kwa sekunde, hivyo fremu moja ni milisekunde 16.67. Kila pigo limepimwa kwa fremu hizo na lina vipande vitatu. Kwanza maandalizi, tangu kitufe kibonyezwe hadi ngumi ianze kuuma. Pili fremu za kuuma, ambapo ngumi ikikugusa unaumia. Tatu fremu za kurudi, ambapo mpigaji amefungwa na hawezi kufanya lolote. Juu ya mwili wa mhusika kuna maboksi yasiyoonekana: mengine yanasema wapi anaweza kupigwa, mengine wapi pigo lake linafika. Mchezo husoma maboksi hayo. Picha ni vazi tu.

Chukua pigo ambalo likikingwa linamwacha mpigaji nyuma kwa fremu 4. Katika Street Fighter 6, Ryu ana ngumi nyepesi inayouma kwenye fremu ya 4. Aliyekinga, akiwa karibu vya kutosha, anaitoa ngumi hiyo na mpigaji hana pa kukimbilia. Punguza hasara ile iwe fremu 3, na adhabu hiyo imekufa. Fremu moja ambayo jicho halikamati ndiyo inayoamua kama pigo ni salama au ni kujipeleka. Ndiyo maana mchezaji mkongwe akigusa toleo jipya huweza kusema ndani ya dakika tano kwamba "hii siyo yenyewe", hata kama hawezi kutaja kilichobadilika.

Ugumu unazidi kwa sababu sehemu ya urithi huo ilitokea bila kupangwa. Kombo, yaani mapigo yanayofuatana bila mpigwaji kupata nafasi ya kukinga, hazikuwa shabaha ya watengenezaji wa Street Fighter II ya 1991. Zilitokana na mwanya katika muda wa mapigo, watengenezaji hawakuona haja ya kuuziba, na mwanya huo ukawa uti wa mgongo wa aina nzima ya michezo. Mhandisi anayesafisha msimbo wa zamani kwa nia njema anaweza kufuta kitu ambacho watu wamekifanyia mazoezi kwa miaka 30. Kabla ya kurekebisha kasoro yoyote inabidi aulize nani anaitumia, na kwa nini.

Kwetu Afrika Mashariki, muda huu ulishaharibiwa zamani bila wengi kuambiwa. Televisheni za Kenya na Tanzania zilifuata mfumo wa PAL wa herzi 50, ilhali Japani na Marekani walitumia 60. Gemu nyingi za enzi za Super Nintendo na PlayStation ya kwanza zililetwa kwenye masoko ya PAL bila kusawazishwa, kwa hiyo zilienda polepole kwa karibu asilimia 17, mara nyingi zikiwa na pau nyeusi juu na chini ya skrini. Kosa hilo likarudi Desemba 2018, Sony ilipouza kile kikonsoli kidogo cha PlayStation Classic chenye gemu 20 ndani. Baadhi ziliwekwa kwa matoleo ya PAL, na Tekken 3, nayo ya mapigano, ilikuwa mojawapo. Kifaa ni cha kisasa na televisheni ni ya kisasa, lakini Jin, mhusika wa Tekken 3, anatembea kwa fremu 50. Gemu ilifufuliwa bila muda wake.

Kubadilisha picha bila kugusa mapigo

Wachoraji nao wana shimo lao. Gemu za zamani zilichorwa kwa mkono, picha moja moja. SNK, studio nyingine ya michezo ya mapigano, ilijaribu kuendeleza njia hiyo kwenye The King of Fighters XII ya 2009, ikachora wahusika wote upya kwa ukubwa na uzuri wa kustaajabisha. Gharama ikala kila kitu kingine: gemu ilitoka na wahusika 22 tu, haina simulizi, na mtandao wake ulikuwa dhaifu. Kufikia toleo la XIV la 2016, SNK ilikuwa imehamia kwenye maumbo ya 3D.

3D nayo ina tatizo lake. Kompyuta ikiachiwa ijaze yenyewe mwendo kati ya pozi moja na nyingine, ngumi inakuwa laini kama inapita majini, na macho hayapati dalili ya lini imeanza kuuma. Dawa ambayo studio ya Arc System Works waliionyesha waziwazi kwenye Guilty Gear Xrd ya 2014 ni kuzima ujazaji huo. Kila pozi linawekwa kwa mkono, linashikiliwa kwa fremu kadhaa, kisha linaruka hadi pozi linalofuata, kama mchoro wa zamani. Kanuni ya vitendo: andika kwanza jedwali la fremu na maboksi, lijaribu kwa vikaragosi vya kijivu visivyo na sura, na mchoraji aje baadaye kuvisha muda uliokwisha kukubalika. Studio inayoanza na mwendo mzuri kisha ikatafuta muda ndani yake hujikuta ikikata mwendo huo vipandevipande.

Bajeti ya ucheleweshaji

Street Fighter 6 ina pigo liitwalo Drive Impact. Linavumilia hadi mapigo mawili bila kukatika, na linachukua fremu 26 kabla ya kuuma, takriban milisekunde 433. Jibu la kawaida ni kutoa Drive Impact yako baada ya kuiona ya mwenzako. Piga hesabu. Mtu wa kawaida huhitaji milisekunde 200 hadi 250 kuona na kubonyeza, ambazo ni fremu 12 hadi 15. Kwa mtu wa fremu 15 zinabaki 11. Gemu na konsoli zikila fremu 4 kabla ya kitufe kuonekana kwenye skrini, zinabaki 7. Televisheni ambayo haijawekwa kwenye hali ya gemu inaweza kula milisekunde 80, karibu fremu 5. Sasa zimebaki 2. Mtandao ukiongeza fremu 3, jibu haliwezekani tena, na mchezaji atajiona mzembe kwa kosa lisilo lake.

Bajeti hii ndiyo iliyoiumiza Street Fighter V siku za mwanzo. Wachezaji waliopima kwenye PlayStation 4 walikuta takriban fremu 8 kati ya kitufe na picha, nyingi kuliko walizozoea kwenye toleo la IV, na Capcom ilikuja kuzipunguza baadaye. Mbaya zaidi, ucheleweshaji mkubwa hubadilisha mchezo wenyewe. Kujilinda kwa kuona kunakuwa kugumu, kushambulia kwa kubahatisha kunalipa, na mechi zinakuwa kamari. Watu walilalamikia usawa wa wahusika wakati sehemu ya ugonjwa ilikuwa kwenye mabomba ya programu.

Mtandao: kusubiri au kukisia

Hapa ndipo ufufuo mwingi hufa, kwa hiyo tukae kidogo.

Zamani wapinzani walisimama bega kwa bega mbele ya mashine moja. Sasa kila mmoja ana mashine yake, na zote mbili lazima zikubaliane juu ya kila fremu. Njia ya zamani ni kusubiri: ukibonyeza kitufe, gemu inakiweka kando hadi kitufe cha mpinzani cha fremu ileile kifike, ndipo inasogea. Kama taarifa inachukua milisekunde 50 kufika, kila pigo lako linachelewa fremu 3. Hilo lingevumilika kama lingekuwa thabiti. Intaneti si thabiti, hivyo ucheleweshaji hupanda na kushuka, na kombo uliyoijenga mwilini kwa muda fulani inavunjika kila dakika.

Njia ya pili ni rolibaki. Mashine haisubiri, inakisia kwamba mpinzani anaendelea kushika alichokuwa ameshika fremu iliyopita. Kisio hicho huwa sahihi mara nyingi mno, kwa sababu hata mchezaji mwepesi habadilishi kitufe kila fremu. Taarifa ya kweli ikifika na kupingana na kisio, gemu inarudi kwenye hali iliyohifadhiwa, inaingiza kitufe cha kweli, inacheza upya fremu zote hadi sasa, na yote hayo yanafanyika kabla picha inayofuata haijachorwa. Tony Cannon, mmoja wa waasisi wa Evo, mashindano makubwa ya michezo ya mapigano, alitengeneza mfumo wa GGPO kwa njia hii katikati ya miaka ya 2000, kisha 2019 msimbo wake ukaachiwa wazi kwa leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia. Tangu hapo, studio kuja na mtandao wa kusubiri ni uamuzi wa bajeti. Kisingizio cha kutojua kimekwisha.

Lakini rolibaki haibandikwi juu ya gemu iliyokamilika kama stika. Inadai mambo matatu, na kila moja hugusa msingi.

Sharti la kwanza ni kwamba vitufe vilevile vitoe matokeo yaleyale kwenye mashine zote mbili, hadi tarakimu ya mwisho. Nambari za bahati lazima zianze na mbegu moja, yaani thamani ileile ya kuanzia. Hesabu za desimali zinazotofautiana kidogo kati ya vichakataji zikiingia kwenye mahali alipo mhusika, baada ya dakika moja kila mchezaji anatazama pambano tofauti: huyu ameshinda, yule bado anapigana. Ndiyo sababu wahandisi wengi huhesabu nafasi kwa namba kamili, na kuacha nywele na nguo zipepee nje ya hesabu ya pambano.

Pili, gemu iweze kuhifadhi hali yake yote na kuirudisha kwa haraka. Gemu ya zamani ya mashine ya sarafu ina hali ndogo: nafasi, afya, vihesabio, makombora yaliyo hewani. Ya kisasa imetawanya hali hiyo kwenye maelfu ya vitu, na kimoja kikisahaulika, tuseme kihesabio cha mtikisiko wa pigo, rolibaki inarudisha ulimwengu nusu.

La tatu ni kasi. Ukitaka kuvumilia rolibaki ya fremu 8, lazima mashine iweze kucheza fremu 8 za mantiki ndani ya milisekunde 16. Hiyo ni takriban milisekunde 2 kwa fremu bila kuchora chochote, kwa hiyo mantiki ya pambano lazima itenganishwe kabisa na picha. Studio ya NetherRealm walilijua hili kwa jasho: Mortal Kombat X ilitoka 2015 na mtandao wa kusubiri, wakaibadilisha baada ya kutoka, na mwaka 2018 wakaeleza kazi hiyo hadharani kwenye GDC, mkutano wa watengenezaji wa gemu kule San Francisco. Sauti na cheche nazo zilihitaji uangalizi wa pekee. Kisio kikionyesha ngumi imempata mtu kisha ukweli ukasema alikinga, mlio umeshapigwa. Inabidi uzimwe taratibu, na milio ambayo ilikuwa sahihi isianze upya kila mashine inaporudi nyuma.

Mambo yote matatu yakitimia, bado kuna shimo la nne: saa. Mashine mbili haziendi sawasawa kabisa. Moja ikitangulia kwa fremu chache, taarifa za mpinzani zitaifikia zikiwa zimechelewa zaidi, na rolibaki zote zitaangukia upande mmoja. Mmoja anacheza kwenye maji tulivu, mwenzake anaona wahusika wakirukaruka. Street Fighter V ilikuwa na rolibaki tangu 2016 na bado ilikuwa na kasoro hii. Mapema 2020 mchezaji mmoja wa kompyuta alitengeneza kiraka chake mwenyewe cha kuifanya mashine iliyotangulia isubiri kidogo, na Februari mwaka huo Capcom ikatoa kiraka rasmi. Miaka minne kwa tatizo linalotibika kwa kusimamisha fremu moja moja.

Kwa mchezaji wa Nairobi au Dar es Salaam, umbali una neno la mwisho. Mwanga ndani ya faiba huenda karibu kilomita 200 kwa milisekunde. Nairobi hadi Johannesburg ni takriban kilomita 2,900 kwa mstari ulionyooka, hivyo hata waya ungekuwa umenyooka taarifa ingechukua milisekunde 15 kwenda tu. London, kilomita 6,800, ni milisekunde 34. Nyaya halisi za baharini hupinda na kupita vituo vingi, kwa hiyo zidisha. Tuseme taarifa inafika kwa milisekunde 60, karibu fremu 4. Gemu ikiweka ucheleweshaji wa kudumu wa fremu 2, rolibaki inabaki kufunika 2, na pambano linachezeka. Kwa mtandao wa kusubiri, umbali huohuo ungekupa fremu 4 za uzito kila pigo. Mapambano ya Street Fighter 6 huunganisha mashine ya mchezaji na ya mchezaji moja kwa moja, basi cha kuangalia ni mpinzani wako yuko wapi na anatumia nini. Waya wa LAN kutoka kwenye ruta hupunguza mtetemo wa taarifa kuliko Wi-Fi yoyote, na gemu inakuonyesha alama ya aina ya muunganisho kabla hujakubali pambano.

Vitufe: kuondoa kizuizi, kuacha uamuzi

Shoryuken, ngumi ya kupaa ya Ryu, ni mbele, chini, kisha mshazari wa chini-mbele, pamoja na ngumi. Aliyeijua tangu utotoni haifikirii. Mgeni anaihangaikia kwa wiki nzima na hajaanza kucheza mchezo wenyewe, ambao ni kuamua lini uitoe.

Jaribio la mapema lilikuwa Super Street Fighter II Turbo HD Remix ya 2008, ambapo mbunifu wa gemu David Sirlin alirahisisha baadhi ya miondoko na kurekebisha usawa wa wahusika. Street Fighter IV, ajabu, ilienda kinyume: iliegemea kombo ambazo kitufe cha pili lazima kiguswe kwenye fremu moja tu. Toleo la V likalegeza mlango huo hadi fremu 3. Wakongwe wengine walinung'unika. Nadhani walikosea, kwa sababu mlango wa fremu moja haukuwa unapima akili ya mtu.

Street Fighter 6 ilienda mbali zaidi kwa mpangilio uitwao Modern. Una vitufe vitatu vya mapigo badala ya sita, na kitufe kimoja cha mapigo maalumu: mbele pamoja na kitufe hicho, Ryu anatoa Shoryuken. Bei yake imepangwa kwa uangalifu. Pigo maalumu lililotolewa kwa njia ya mkato lina asilimia 80 tu ya madhara, na mhusika anapoteza baadhi ya mapigo yake ya kawaida, jambo linalouma zaidi mechi zinapokuwa ngumu. Faida nayo ni ya kweli: mpinzani akiruka, jibu liko kwenye kidole kimoja. Katika mashindano, wanaotumia Modern na Classic, ule mpangilio wa vitufe sita, hukutana kwenye jedwali moja. Uamuzi huo ulikuwa na ujasiri na ninauunga mkono, kwani kuwatenga wageni kwenye chumba chao kungewafundisha kwamba hawajafika.

Chini ya vitufe kuna uchumi mpya. Kila mchezaji huanza raundi na vipande 6 vya geji ya Drive, akiba ya nguvu inayoonekana kwenye skrini. Drive Impact inagharimu 1, Overdrive, yaani pigo maalumu lililoongezewa nguvu, 2, kukatisha pigo kwa mbio za Drive Rush 3. Ukivimaliza unaingia Burnout: mapigo maalumu yanakumega afya hata ukikinga, na kila ukikinga unafungwa kwa fremu 4 zaidi. Mgeni anayaona maamuzi haya kwa macho, kwenye skrini, tangu pambano la kwanza.

Mchezaji aliye peke yake, na wahusika aliowazoea

Haya ni mepesi kueleza, lakini yameua gemu nzuri. Street Fighter V ilitoka bila hali ya Arcade, ile ya kupambana na kompyuta hatua kwa hatua, na ikaipata Januari 2018. Simulizi kuu ilikuja katikati ya 2016. Capcom ilikuwa imetarajia nakala milioni 2 kufikia mwisho wa Machi 2016, ikafikia milioni 1.4. Street Fighter 6 ilikuja na wahusika 18, safari nzima ya World Tour kwa mtu mmoja, na mechi kati ya watu wa konsoli na wa kompyuta. Kwenye Evo ya Agosti 2023 kule Las Vegas walijiandikisha zaidi ya watu 7,000, na bingwa akawa Angrybird kutoka Falme za Kiarabu.

Kuhusu wahusika, funzo lilitoka mapema. Street Fighter III: New Generation ya 1997 ilibakisha Ryu na Ken tu na kuwafuta wengine wote. Ilikuwa gemu bora, na umma ukaipita. Chun-Li, mmoja wa waliofutwa, alirudishwa kwenye 3rd Strike ya 1999, toleo la baadaye la Street Fighter III. Street Fighter IV ilianza na wale 12 wa Street Fighter II wote.

Njia nyingine: kuuza ya zamani ilivyo

Wakati mwingine jibu bora ni kuiacha gemu jinsi ilivyo na kuijengea nyumba mpya. Si rahisi pia. Bodi za CPS-2 za Capcom, mitambo ya ndani ya mashine za sarafu zilizobeba Super Street Fighter II Turbo, zilihifadhi funguo za usimbaji kwenye kumbukumbu inayotegemea betri. Betri ikifa, gemu inakufa nayo. Kazi ya kuiga bodi hizo kwa programu ndiyo iliyoziokoa. Street Fighter 30th Anniversary Collection ya Mei 2018, iliyotengenezwa na Digital Eclipse, ilikusanya gemu 12, lakini nne tu zilipewa mtandao, wenye rolibaki. Gemu za zamani zina hali ndogo na matokeo yanayojirudia, hivyo rolibaki inazikaa vizuri kuliko gemu nyingi mpya.

Ukinunua mkusanyiko wa namna hii, anza na televisheni: washa hali ya gemu. Kisha ingia mazoezini, fungua onyesho la vitufe, ruka na utazame kama mhusika anaondoka ardhini pamoja na kidole chako. Zima vichujio vya picha na ujaribu tena, kwa kuwa kichujio kilichoandikwa vibaya kinaweza kula fremu. Mwisho angalia kama gemu ni toleo la herzi 60. Kipima muda cha pambano hakisaidii hapo, kwani gemu nyingi hazihesabu kwa sekunde halisi. Linganisha na rekodi ya video ya mashine ya sarafu, pigo kwa pigo.